Fimbo Ukingoni mwa Nabuyonga

Msafiri atokaye Mombasa akaikata nchi ya Kenya kutoka mashariki hata magharibi, akavuka mpaka wa Malaba, huona kwamba ardhi hubadili rangi mapema kuliko watu wanavyobadili lugha: udongo huwa mwekundu wa kukoza, migomba husogea hata ikaigusa barabara, na hewa hupata unyevu ambao asili yake si bahari tena, ila ziwa, mito na vinamasi visivyokauka mwaka mzima. Mimi nilikwenda Uganda ya mashariki kubarizi kwenye upepo wa mlima, wala haikunipitikia katika fikira kwamba huko, mbali na bahari na mbali zaidi na Asia, ningepata darsa juu ya silaha za jadi za Wajapani na namna zinavyotumiwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na walimu wangu walikuwa watu ambao hawajapata kuikanyaga ardhi ya Japani.

Jinja ni mji ambao maji yake yamepita katika vitabu vingi. Hapo ndipo Speke alipoliona ziwa likijimwaga na kuwa Mto Naili mwaka 1862. Hapo ndipo sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilipotiwa mtoni mwaka 1948. Na hapo ndipo bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, na mgongo wake ukawa njia ya magari yaliyotoka bandarini kwetu kwenda Kampala. Siku hizi magari yamelikimbia bwawa na kuhamia katika daraja jipya lililofunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018, lenye urefu wa mita 525, ambalo limetundikwa kwa nyaya nene zinazoshuka kutoka katika minara miwili, na ambalo sehemu kubwa ya gharama yake ilitoka katika mkopo wa serikali ya Japani. Jioni, jua linapoteremka upande wa Buganda, nyaya zile hung'aa moja baada ya moja, na wapita njia, ambao bila ya shaka wameliona daraja hilo mara nyingi kupita hesabu, bado husimama wakatazama.

Kandokando ya mto, mahali panapouzwa chai ya maziwa na zile chapati zilizokunjiwa mayai ambazo Waganda huziita Rolex, nilikaa benchi moja na mzee mstaafu wa kiwanda cha nguo, Mwislamu mwenye Kiswahili kilichonyooka cha watu wa zamani wa mji ule. Aliponiona nikilitazama daraja bila ya kushiba, alicheka akasema, "Mwanangu, daraja la Mjapani limekuja juzi. Fimbo zake zilitufikia zamani."

Nilipomwuliza ni fimbo gani hizo, alinirudisha nyuma hadi miaka ya sabini, baada ya Wahindi kufukuzwa nchini mwaka 1972 na maduka mengi ya Jinja kubadili wenyewe kwa siku chache, ambapo sinema, alivyosema, ndiyo iliyobaki kuwa faraja ya vijana. Filamu ya Bruce Lee iliyotoka mwaka 1973, Enter the Dragon, ilipowafikia, walitoka ukumbini wakiwa hawatembei tena kama walivyoingia. Silaha iliyowatia wazimu ilikuwa nunchaku, ambayo asili yake ni visiwa vya Okinawa kusini mwa Japani: vijiti viwili vifupi, urefu wa kila kimoja ukikaribia kutoka kiganja hata kiwiko, vilivyounganishwa kwa kamba au kwa mnyororo mfupi. Wao waliukata mpini wa jembe vipande viwili, wakatia mnyororo wa mbwa, kazi ikaanza.

Nguvu ya nunchaku imo katika mwendo wake. Kijiti kimoja hushikwa, cha pili huzungushwa, nacho, kwa kuwa hakina mkono unaokiongoza, hukusanya kasi kubwa. Lakini kasi hiyo haina uaminifu, maana kijiti kikipiga au kikikosa hurudi kwa njia isiyotabirika, na sehemu kubwa ya ustadi ni kujua kukidaka chini ya kwapa, juu ya bega au nyuma ya kiuno kabla hakijamwadhibu mwenyewe. Yako pia matumizi mengine yasiyopendeza sana machoni pa mtazamaji wa sinema, nayo ni kuukamata mkono wa adui, au fimbo yake, baina ya vijiti viwili na kuubana mpaka maumivu yamlazimishe kuachia alichokishika. Haya yote vijana wa Jinja hawakuambiwa na mtu. "Mwalimu hatukuwa naye," alisema mzee, akaukunja mkono wa kanzu na kunionyesha kiwiko kilichopinda kidogo. "Kila mmoja alijificha nyuma ya nyumba yao. Wa kupigwa hakuwapo, basi tukajipiga wenyewe."

Nilicheka pamoja naye, nikalipa chai yetu, tukaagana. Lakini maneno yale nilikwenda nayo.

Kutoka Jinja njia hupita Iganga, kisha huiacha barabara kuu ya Tororo na kushika ile ya Tirinyi, ambayo huteremka taratibu katika nchi ya mabonde mapana yenye mafunjo, na baada ya mafunjo mashamba ya mpunga, kijani kisichokatika mpaka macho yachoke. Mpunga hapa umekuwa zao la fedha, na wataalamu wa Kijapani ni miongoni mwa wale waliosaidia kuueneza ukulima wake nchini Uganda. Tuliposimama kwa ajili ya gurudumu lililotoboka, niliwaona watu wa shamba moja wakivuna. Mwanamke mmoja alikusanya mashina kwa mkono wa kushoto, akapitisha mundu kwa mkono wa kulia na kuuvuta kuelekea kwake, wala hakupiga; na juu ya turubai, hatua chache kutoka pale, wanaume watatu walikuwa wakiupura mpunga kwa fimbo, wakipokezana mapigo kwa utaratibu ambao ungemfaa mpiga ngoma.

Mtu aliyesoma habari za Okinawa hawezi kuutazama uvunaji kama huo bila ya kukumbuka hadithi mashuhuri ya visiwa vile. Husimuliwa kwamba zamani za ufalme wa Ryukyu, mfalme Sho Shin alizikusanya silaha za mabwana zake na kuzifungia, na kwamba mwaka 1609 jeshi la Satsuma lilipovivamia visiwa hivyo kutoka Japani, watu wa kawaida waliobaki mikono mitupu walivigeuza vyombo vyao vya kazi kuwa silaha: mundu wa mpunga ukawa silaha iitwayo kama, mpini wa jiwe la kusagia ukawa tonfa, kasia la mvuvi likawa eku, na mti ambao mchukuzi huutia mabegani kubebea mizigo ukawa bo. Wanahistoria wa leo huipokea hadithi hii kwa hadhari, na haki wanayo, kwa kuwa sehemu kubwa ya elimu hiyo ilihifadhiwa na watu wa daraja waliokuwa na nafasi ya kujifunza, na sai, kile chuma chenye meno matatu ambacho filamu hupenda kukitia mikononi mwa wakulima, kilikuwa chombo cha askari wa mji kilichowasaidia kumnasa mhalifu mwenye upanga bila ya kumuua. Hata hivyo mkono wa mkulima haukutoweka. Apiganaye kwa miundu miwili huikamata fimbo ya adui kwa mmoja na kuikata njia yake kwa mwingine, na mwendo wa ule wa pili ni uleule wa mwanamke wa Tirinyi, yaani kuvuta ndani.

Elimu hii ilikaribia kupotea, maana karate ya mikono mitupu ilipoenea duniani vyombo viliachwa pembeni. Taira Shinken, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1970, alitumia umri wake kuwatafuta wazee wa visiwa na kukusanya mifano ya mapigo waliyoyajua wao peke yao, na Matayoshi Shinpo akaulinda urithi wa baba yake hata alipofariki mwaka 1997. Lau si watu wa namna hiyo, mpini wa jiwe la kusagia ungebaki kuwa mpini.

Mbale humpokea mgeni kwa mlima kabla ya kumpokea kwa mji. Ukuta wa Wanale umesimama juu ya mapaa, na mvua ikinyesha huko juu maporomoko hutokea ghafla, myembamba na meupe, mahali ambapo asubuhi palikuwa na mwamba mtupu. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeitiisha nchi hii chini ya bendera ya Waingereza, ndiye aliyeweka makao hapa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Na mji wa leo, wenye Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, una misikiti, makanisa na hata masinagogi ya Wayahudi weusi waliomfuata Kakungulu katika imani aliyoishika mwishoni mwa umri wake. Katikati ya hayo yote hupita Nabuyonga, mto mdogo ambao wakati wa kiangazi mtoto huuvuka bila ya kukunja suruali, na ambao mwishoni mwa Julai 2022, pamoja na wenzake wa bonde lile, ulifurika usiku mmoja ukachukua nyumba, madaraja na roho za watu zaidi ya ishirini.

Si mbali na mto huo upo uwanja ambapo jioni vijana hukusanyika kujifunza. Nilivutwa na sauti: si kelele za karate ambazo miji yetu yote imezizoea, ila mlio wa mti kugonga mti, mkavu, wenye nafasi sawa baina ya pigo na pigo. Mwalimu wao ni seremala, mtu wa makamo mwenye mvi za kwanza, ambaye fimbo zote za chama chake amezichonga mwenyewe. Bo amezifanya kwa mkaratusi, urefu wa futi sita za Kijapani ambazo ni kama sentimita 182. Panga za mti zilizopinda kidogo amezitoa katika magogo ya mibuni mikuukuu iliyokatwa mashambani, kwa kuwa mti wa kahawa ni mgumu na haupasuki upesi. Alinisalimu kwa "Mulembe", salamu ya Wamasaba, kisha akaniletea kiti ambacho sikukiomba, akaendelea na kazi yake.

Fimbo ndefu hufundishwa kwanza. Mwanafunzi huigawanya mafungu matatu kwa mikono yake, kiganja kimoja kikitazama juu na kingine chini, hata ncha zote mbili ziwe tayari kutumika. Akipiga kichwa kwa ncha ya mbele, ncha ya nyuma imekwisha kujiandaa kufagia miguu. Akidunga, mkono wa mbele hulegea ukawa mfereji ambamo fimbo hupita, na mkono wa nyuma ndio husukuma. Nguvu haitoki mabegani. Hutoka kiunoni, ikapanda kwa mgongo, na mwalimu alikuwa akipita nyuma yao akiwagusa mabega kwa kidole kimoja kila alipoyaona yamepanda. Palikuwa na msichana mmoja, mwembamba, aliyeitumia fimbo kwa urefu wake wote kama mtu ashikaye mkuki wenye jambia nchani. Mwalimu akaniambia kwamba chombo cha namna hiyo, naginata, kimekuwa huko Japani mikononi mwa wanawake kwa vizazi kadha wa kadha, na kwamba yeye hana cha kweli cha kumpa, lakini mwili wa msichana yule umekwisha kukijua.

Giza lilipokaribia zilitolewa panga za mti, na uwanja ukanyamaza. Upanga wa Kijapani huchomekwa mshipini makali yakitazama juu, ili utokapo alani uwe tayari umeanza kukata. Hushikwa kwa mikono miwili, mkono wa kushoto karibu na mwisho wa mpini ukitoa nguvu na wa kulia ukiongoza njia. Na pigo lake si la shoka, kwa maana makali yaliyopinda huburutwa juu ya kinachokatwa. Serikali ya Meiji iliwakataza watu kuuvaa hadharani mwaka 1876, na kwa amri hiyo tabaka zima la mashujaa likapoteza alama yake. Elimu ya upanga ilihamia katika kendo, ambamo watu huvaa chapeo yenye wavu wa chuma usoni na deraya kifuani, wakapigana kwa upanga wa vipande vinne vya mwanzi, wakihesabiana mapigo ya kichwa, ya kifundo cha mkono, ya ubavu na ya koo. Baada ya vita vya 1945 Wamarekani waliipiga marufuku nayo pia. Shirikisho lake la taifa liliundwa mwaka 1952. Katika safari hiyo ndefu ya kukatazwa na kurudi, kendo imeshika mifano kumi ya mapigano ya upanga iliyopangwa mwaka 1912, na mifano hiyo ndiyo seremala wa Mbale aliyojifunza kwa mwalimu wake, naye kwa mwingine.

Nilitazama mifano mitatu ya kwanza, na jambo moja likanishangaza. Mwalimu alisimama mbele ya kijana wa miaka kumi na sita hivi, akamshambulia kwa pigo safi la kutoka juu, kijana akarudi nyuma kiasi cha kulipisha pigo lile, akajibu, na mwalimu akashindwa. Wakaanza tena kwa namna nyingine, akashindwa tena. Na mara ya tatu akashindwa kwa kurudishwa nyuma hatua baada ya hatua, ncha ya mti wa mbuni ikiwa usoni pake. Nilidhani ni ukarimu wa siku ile, ama ni kwa sababu ya mgeni. Nilipouliza, alijifuta jasho akasema, "Hapana, bwana. Ndivyo ilivyopangwa. Mkubwa hushambulia na mkubwa hushindwa, kila mara."

"Kwa nini mkubwa?"

"Kwa sababu yeye ndiye anayejua pigo litafika wapi. Kazi ya kupiga unaweza kumpa mtoto. Kazi ya kupokea ukimpa mtoto ataumia, au ataogopa na kumharibu mwenzake." Alifikiri kidogo, akaongeza, "Na nikisogea mapema nimemdanganya, ataondoka akidhani pigo lake limefika. Nikichelewa, seremala hatakwenda kazini kesho."

Ndipo nilipouelewa msiba wa wale vijana wa Jinja na mpini wao wa jembe. Shabaha, kasi na ghera walikuwa navyo, na filamu iliwapa sura ya mambo. Walichokosa ni mtu mwenye kujua zaidi yao, ambaye angekubali kusimama mahali pigo linapofika. Wajapani wenyewe huusimulia mwanzo wa elimu yao ya fimbo fupi, jo, kwa kisa cha namna hiyo. Muso Gonnosuke, mtu mwenye kujivuna kwa fimbo yake, alikutana na Miyamoto Musashi, bingwa wa upanga wa mwanzo wa karne ya kumi na saba, akashindwa. Na kwa mujibu wa mapokeo, badala ya kulipiza kisasi alijitenga mlimani akautafakari ushinde wake, hata akatoka na fimbo ya sentimita 128 hivi, ndefu kidogo kuliko upanga na fupi kuliko bo, ambayo huweza kupiga kama upanga, kudunga kama mkuki na kufagia kama fimbo ndefu. Chuo chake kipo hadi leo, na mwanzilishi wake hutajwa kwa heshima na watu wasioona aibu kusema kwamba yote yalianza siku aliyopigwa.

Siku iliyofuata seremala alinipeleka kwa mama yake, juu kidogo ya mji, ambako mibuni hupandwa chini ya kivuli cha migomba na kila nyumba ina kipande cha mlima wake. Tuliandaliwa malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya msituni yaliyokaushwa kwa moshi kisha kupikwa katika rojo la karanga, pamoja na matoke. Na harufu ya moshi ule ilinikaa mdomoni kwa upole, ikanikumbusha samaki wa kukaushwa wa kwetu, ijapokuwa hapakuwa na samaki. Baada ya chakula tulikunywa chai. Nikastaajabu kwamba katika nchi ambayo kahawa yake ya Bugisu husifiwa masokoni Ulaya, na ambayo wakulima wake wameunda chama cha ushirika tangu mwaka 1954, watu hunywa chai; ilhali sisi wa Mombasa, tusio na mbuni hata mmoja, hatuwezi kukaa barazani bila ya dele la kahawa chungu.

Wajukuu humwita bibi yule Kukhu, nami nikamwita hivyohivyo. Nilipomsifia mwanawe, alimtazama kwa mapenzi yaliyochanganyika na mzaha. "Huyu anawafundisha watoto kupiga," alisema. "Kupiga kila mtu anajua. Sisi hapa tangu zamani tunafundisha kusimama."

Alikuwa akisema juu ya imbalu, tohara ya Wamasaba, ambayo kwa mapokeo yao ilianza pale Masaba, mzazi wa kabila, alipotaka kumwoa Nabarwa, naye akakataa mpaka Masaba atahiriwe. Hufanywa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na hufunguliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto, nje kidogo ya Mbale. Vijana huzunguka kwa jamaa zao wakicheza kwa ngoma za kadodi, wamepakwa chachu ya wimbi mwilini, fimbo mikononi. Na siku ikiwadia kijana husimama hadharani, ameipitisha fimbo nyuma ya shingo na kuishika kwa mikono miwili, akautazama upeo wa mbele, na ngariba hufanya kazi yake kwa kisu bila ya dawa ya kutia ganzi. Umati haumtazami mwenye kisu. Unamtazama mwenye kusimama, kope zake, magoti yake, vidole vyake juu ya fimbo. Na asipotikisika, mama zake hupiga vigelegele vinavyosikika mpaka kilima cha pili.

Siku hizi, alisema Kukhu, familia nyingine hupeleka watoto hospitali, na yeye hawalaumu, maana dawa ni neema. Linalomkera ni jingine: vijana waliokwisha kutahiriwa, walio na jukumu la kuwa kando ya wadogo wao kuwatia moyo, hushiba pombe na kupiga kelele barabarani wakitikisa fimbo, na wadogo wanasimama peke yao. Seremala alitikisa kichwa kukubali. Nikaona kwamba mama na mwana, ambao mmoja ana kisu cha mlima na mwingine ana upanga wa mti wa visiwa vya mbali, wanalinda jambo moja: kwamba anayepokea asiachwe peke yake, na kwamba heshima impate yeye.

Niliporudi pwani niliitazama kirumbizi kwa jicho jipya. Mchezo huo wa fimbo ni wetu wa Lamu na Mombasa, hupigwa harusini na wakati wa Maulidi, ngoma na zumari vikivuma. Wawili huingia kati ya duara, mmoja akapiga na mwingine akakinga, na wa tatu akaingia kumpokea aliyechoka. Unguja nako, Makunduchi, watu wa Mwaka Kogwa hupigana kwa mashina ya migomba mwezi wa Julai ili kinyongo cha mwaka kiishie uwanjani. Tunayo elimu, basi, wala hatuna haja ya kuiazima kwa mtu. Ila katika kirumbizi nilichokiona harusini baada ya safari, waliokuwa ndani ya duara walikuwa vijana watupu. Walirukaruka kwa wepesi wa kupendeza, wakazipitisha fimbo hewani mbali na miili ya wenzao, simu zikawapiga picha. Na wazee, ambao miongoni mwao wapo niliowahi kuwaona wakiingia uwanjani kwa vishindo, walikuwa wamekaa vitini pembezoni wakinong'onezana kwamba watoto wa siku hizi hawajui kitu.

Nikamwendea mmoja wao, jamaa yangu wa upande wa mama, nikamsimulia habari za seremala ambaye hushindwa kila jioni mbele ya wanafunzi wake. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, mtu wa umri wangu akipokonywa bakora na mtoto mbele ya watu, ataketi wapi tena?" Ni swali la haki, kwa sababu murua wa mtu mzima ni mali iliyochumwa kwa miaka mingi, na hakuna apendaye kuitupa uwanjani kwa ajili ya ngoma ya saa moja. Lakini nilimjibu kwamba huko Mbale nilimwona mtu akishindwa mara tatu mfululizo, na kwamba katika uwanja ule wote hapakuwa na mtu aliyedhani ameshindwa. Kila kijana alijua vyema kwamba lile pigo limefika mahali pake kwa sababu mkubwa ameliacha lifike, na heshima yao kwake ilipanda kwa kadiri ya alivyorudi nyuma. Wasiwasi wake ungekuwa na nguvu kama uwanja ni mahali pa kupimana. Ukiwa ni mahali pa kurithishana, mzee anayekataa kupokea pigo amekataa kurithisha, na lawama anazowatupia vijana kutoka kitini zinamrudia mwenyewe, kama kile kijiti cha Jinja.

Hakunipa jibu la moja kwa moja. Alisema magoti yake yanauma, jambo ambalo ni kweli, na kwamba kirumbizi cha zamani kilikuwa na namna ya kuingia ambayo hata ngoma ya siku hizi haiijui. Nikamwomba anionyeshe namna hiyo. Akasema nije nyumbani baada ya Ijumaa, na nije na mwanangu.